Aksolotli wa kwanza: tangi limtangulie mnyama kwa wiki sita

Tangu mchezo wa Minecraft umwingize aksolotli mwaka 2021, simu zinazotufikia katika kitengo cha wanyama wa majini zimekuwa na mpangilio uleule. Mtoto kaomba, mzazi kakubali, sasa anauliza tangi gani linafaa. Ukiuliza mnyama yuko wapi, unaambiwa yumo kwenye ndoo jikoni, alinunuliwa jana. Hapo mshauri hana la kusema ila pole, maana tangi lilipaswa kuwa tayari wiki sita kabla yake.

Aksolotli ni salamanda, yaani amfibia mwenye mkia, anayebaki na umbo la utotoni. Hurefuka mpaka sentimita 20 hadi 30, huzaa, na akitunzwa vizuri hufika miaka 10 hadi 15, lakini kwa kawaida hatoki majini. Yale matamvua yenye nyuzinyuzi pembeni mwa kichwa anazeeka nayo. Kwao ni mifereji ya Xochimilco, ndani ya Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Porini karibu anatoweka: hesabu za watafiti zilishuka kutoka takriban 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998 hadi 35 mwaka 2014. Wanaouzwa huzalishwa na wafugaji, na ukoo wao kwa sehemu kubwa unaanzia kwa wale 34 waliosafirishwa hadi Paris miaka ya 1860.

Mwinuko huo ndio unaoeleza tangi lake. Huyu ni mnyama wa maji ya baridi. Nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi zinamfaa, 20 anavumilia, na zikipita 24 huanza kukataa chakula na kuota ukungu mweupe kwenye matamvua. Kwa hiyo, kabla hujatazama bei ya kioo, nunua kipimajoto, jaza beseni maji, uliache wiki nzima pale unapokusudia kuweka tangi, na uandike kipimo cha kila alasiri. Kwa walioko Uingereza au Canada, shida huwa ni miezi ya kiangazi tu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili hadi nne, kwa njia ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa: yanayovukizwa huondoka na joto. Isipotosha, hakuna budi kununua mashine ya kupoza maji, ambayo mara nyingi bei yake inalizidi tangi lenyewe. Chupa za barafu ni za dharura. Zinayashusha maji kwa ghafla kisha yanapanda tena, na kupanda na kushuka huko kunamchosha mnyama kuliko joto la wastani.

Kwa anayeniuliza kutoka Dar es Salaam au Mombasa, ninasema wazi: acha. Mashine ingekesha ikifanya kazi, na siku umeme ukikatika huna muda wa kutosha. Tena mnyama huyu yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji vibali. Hata Marekani si kila jimbo linaruhusu. California na New Jersey zinamkataza.

Tangi lenyewe liwe refu kuliko kwenda juu, kwa kuwa aksolotli hutembea chini. Sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani kama lita 180, linamtosha mmoja kwa raha. Weka mfuniko, maana huruka. Chini acha kioo kitupu, au mchanga laini kabisa akishapita sentimita 12 hivi. Changarawe usiweke, hata ikipendeza vipi: hula kwa kufungua kinywa ghafla na kufyonza kilicho mbele yake, na kijiwe kikishafyonzwa huweza kuziba utumbo.

Sasa zile wiki sita. Kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huishi ndani ya sifongo la chujio, na tangi jipya halina hao wa kutosha. Inabidi uwalishe kabla mnyama hajaja: tia maji yaliyoondolewa klorini kwa dawa yake (isiyo na mshubiri), washa chujio, ongeza amonia safi hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, na upime kila baada ya siku moja mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda, kisha nayo itashuka. Siku utakapotia amonia hiyo ya miligramu 2 na kukuta baada ya saa 24 kwamba amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, tangi limeiva. Badilisha maji mengi ili nitreti ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, ndipo ukamchukue mnyama. Kazi hii yote huchukua wiki nne hadi nane, ndiyo maana nasema sita. Watu wengi huikatiza wiki ya tatu kwa sababu maji yanaonekana maangavu. Uangavu haupimi chochote.

Vingine ni vyepesi. Hana kope, kwa hiyo taa iwe hafifu na apate pa kujificha, kama kipande kinene cha bomba la plastiki kisicho na ncha kali. Samaki usimchanganye nao. Wakubwa humng'ata matamvua, wadogo huliwa. Wachanga wawili nao hukatana miguu. Miguu huota tena, ndiyo, ila hiyo si sababu ya kuwaweka pamoja.

Mlishe nyungunyungu waliokatwa kwa kiasi cha kinywa chake, na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Akikataa kula siku mbili tatu za mwanzo, mwache atulie. Ukiona matamvua yamejikunja kuelekea mbele, punguza mkondo wa chujio kabla ya kutupigia simu.