Kuzibua mshipa wa shingo si kujaza damu kichwani

Wengi huamini kwamba mshipa wa shingo ukizibuliwa, damu hujaa kichwani, kumbukumbu hurudi na mzee huwa mwepesi kama kijana. Hilo silo lengo la upasuaji huu, na familia zinastahili kuambiwa mapema.

Ubongo hautegemei ateri moja ya karotidi, yaani mshipa huo wa shingo. Chini ya ubongo kuna duara la mishipa, lililoelezwa na daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, ambalo linaweza kupitisha damu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tena mishipa midogo hujitanua yenyewe damu inapopungua. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na mshipa uliobanwa sana asihisi lolote.

Hatari kubwa ni mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa. Yakipasuka, damu huganda juu yake, kipande humeguka na kwenda kuziba mshipa ubongoni. Daktari huyaondoa ili kuzuia kiharusi. Utafiti wa NASCET wa Amerika Kaskazini wa 1991, kwa waliokwisha kupata dalili za kiharusi na mshipa kubanwa asilimia 70 hadi 99, ulionyesha hatari ya kiharusi upande wa mshipa huo ikishuka kutoka asilimia 26 kwa wasiopasuliwa hadi 9 kwa waliopasuliwa katika miaka 2.

Damu ikizidi mno baada ya upasuaji, si heri hata kidogo. Mishipa iliyozoea kutanuka hushindwa kujibana. Kichwa huuma sana upande ule ule uliopasuliwa, mwili huweza kukakamaa na kutikisika, na mara chache damu huvujia ubongoni, pengine mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Presha ipimwe mara kwa mara, na kichwa kikiuma hivyo, arudishwe hospitali usiku huo huo.