Kichocheo cha kutoa haidrojeni kwenye vibebaji vya kimiminika: maana yake

Kibebaji oganiki cha haidrojeni ni kimiminika kinachofanana na mafuta, ambacho hupachikwa haidrojeni mahali inapozalishwa, kikasafirishwa kwa meli au lori bila mitungi ya shinikizo, kisha kikavuliwa haidrojeni hiyo inapohitajika na kurudishwa kupakiwa upya. Mwaka 2020, haidrojeni iliyotengenezwa Brunei ilifikishwa Kawasaki, Japani, kwa njia hiyo: kibebaji kilikuwa toluini, na kila molekuli yake ilibeba molekuli 3 za haidrojeni, ikawa methilisaikloheksani. Nchini Ujerumani imetumika sana dibenzilitoluini, kibebaji kingine, ambayo lita yake moja iliyoshiba hutoa zaidi ya lita 600 za gesi.

Kupakia si kazi ngumu sana. Ugumu uko kwenye kupakua. Atomu za haidrojeni zimeshikamana na kaboni kwa nguvu, na kimiminika kikichemshwa peke yake, ama hakitoi kitu ama huvunjikavunjika. Hapo ndipo kichocheo kinapohitajika, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika. Kilichozoeleka ni punje ndogo za alumina (oksidi ya alumini) zenye vitundu vingi, ambazo ndani yake imetawanywa platini, mara nyingi isiyofika asilimia 1 ya uzito. Molekuli hutua juu ya platini, metali hiyo hulegeza vifungo, na atomu za haidrojeni huungana mbilimbili na kutoka. Katika dibenzilitoluini yenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, gesi huchomoza kwenye vitundu vya punje kama mapovu.

Ieleweke vizuri, kwa kuwa hili hukosewa mara kwa mara, kwamba kichocheo hakipunguzi nishati ya joto ambayo mmenyuko wenyewe unadai. Kila moli (gramu 2 hivi) ya haidrojeni inayotolewa kwenye vimiminika hivi hudai takribani kilojuli 65, zaidi kidogo ya robo ya nishati itakayopatikana haidrojeni hiyo ikichomwa. Kichocheo, hata kiwe bora namna gani, huongeza kasi tu. Joto lazima litoke mahali pengine.

Sifa ninayoiona kuwa muhimu kuliko kasi ni uteuzi, yaani kuondoa haidrojeni bila kuujeruhi mwili wa kibebaji, ambao unatakiwa urudi kazini mara nyingi. Platini tupu, hasa kwenye kingo za chembe zake, hukata pia vifungo vya kaboni kwa kaboni, na toluini ikapotea kwa kugeuka benzini na methani. Dawa yake inashangaza: salfa, ambayo kwa kawaida ni sumu kwa platini, huongezwa makusudi kwa kiasi kidogo ili iyazibe maeneo hayo makali, huku sehemu tulivu za metali zikiendelea na kazi. Hata hivyo masizi ya kaboni hujikusanya polepole na kuziba vitundu, na ndipo punje hupitishiwa hewa ya moto iliyopunguzwa oksijeni, ili masizi yaungue pasipo chembe za platini kuyeyukiana.