Ndege za karibu zimebaki, za mbali zimetoweka

Dhoruba ya juzi ilitoka ziwani saa nane usiku, ikaipiga Entebbe kwa radi hadi karibu na alfajiri. Umeme ulikatika. Uliporudi, ramani ya kompyuta yangu, inayochorwa kwa kipokezi kinachosikia mawimbi ya redio ya ndege kupitia antena ya paani, ilionyesha ndege mbili tu, zote zikishuka kiwanjani. Zile zinazopita juu ya Mwanza na Kisumu, ambazo huziona kila siku, hazikuwepo.

Jirani akanipa pole: "Fundi, radi imekumaliza." Sikukubali upesi. Radi ikipita kwenye waya, mara nyingi kipokezi hunyamaza kabisa. Changu kilisikia, ila karibu tu. Kweli, radi ya jirani huweza kukitia uziwi bila kukiua, kwa hiyo ilibidi nipime.

Ndege hutangaza mahali ilipo kwa masafa ya megahezi 1090, takriban mara mbili kwa sekunde. Ikiwa mita 11,000 angani, antena iliyo wazi kando ya ziwa huweza kuisikia umbali wa karibu kilomita 400, kabla mviringo wa dunia haujaificha. Lakini kila desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kupungua kwa nguvu ya mawimbi) zinazopotea njiani hadi kipokezi hukata umbali huo nusu.

Nilichomoa waya wa paani, nikachomeka kiantena kidogo cha dirishani. Kikaona ndege za mbali kuliko antena kubwa iliyo juu ya mabati! Hapo kipokezi, kompyuta na kadi yake vyote vilitoka kwenye orodha ya washukiwa. Ubaya ulikuwa juu.

Nilingoja ngurumo ziishe na mabati yakauke. Tafadhali nawe ngoja. Nilipofungua konekta (kiungio cha waya) chini ya antena, maji yalidondoka, na shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kutu hiyo haioti usiku mmoja: maji yalikuwa yakiingia tangu zamani, dhoruba ikamalizia. Nilikuwa nimefunga kwa tepu nyeusi ya umeme, na jua letu huibandua.

Nilikata waya hadi shaba safi, karibu nusu mita, maana maji hutambaa ndani ya wavu wa nyuzi za chuma unaoizunguka shaba ya kati. Nikapima kwa kipima umeme kwamba shaba ya kati haigusani na wavu, nikafunga konekta mpya na kuizungushia utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Pale waya unapoingia nyumbani nikauacha uning'inie kitanzi, matone yaishie chini badala ya kufuata waya hadi ndani.

Saa kumi jioni, ndege ya kwanza ikatokea upande wa Mwanza.