Zege kabla ya mechi: wanga na mafuta kwenye sahani ya mchezaji

Mechi ni saa kumi jioni. Nikila zege, yaani chipsi mayai, saa tisa, kuna ubaya gani? Si viazi na mayai tu?

Viazi havina kosa. Kosa ni mafuta yaliyovikaangia, na saa uliyochagua. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, mwili hulitumia tumbo ishara lipunguze kasi ya kushusha chakula. Hapo hata wanga wa zile chipsi, ambao peke yake ungewahi kuingia kwenye damu, unabaki foleni pamoja na mafuta. Filimbi ikilia, sahani karibu nzima bado iko tumboni, na damu iliyokuwa inashughulikia chakula inaitwa miguuni. Yanayofuata unayajua: kubeua mayai kila ukikimbia, kichefuchefu, tumbo kujaa. Halafu mtu anatoka dakika ya 30 akisema pumzi imekata.

Basi nile nini?

Kula mlo wako saa saba. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, ukila ikiwa imebaki kati ya saa moja na saa nne mchezo uanze. Muda ukiwa mfupi, kiasi nacho kipungue. Mwenye kilo 60 akichukua gramu 2 kwa kilo, anahitaji gramu 120: wali mweupe kama gramu 350, yaani sahani ya mama ntilie isiyo na mlima, na ndizi mbivu moja. Weka samaki wa kuchemsha au maharage yasiyo na mafuta mengi, kidogo tu. Wali wa nazi ni mtamu, lakini tui ni mafuta. Uache hadi siku isiyo na mechi. Njaa ikikurudia saa tisa, ndizi nyingine inatosha.

Nimeambiwa wanga na mafuta havipaswi kukutana kabisa kwenye mlo mmoja.

Si kweli. Maziwa ya mama yana sukari na mafuta, na mtoto anakua. Kongosho hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kusaga chakula, vya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mchezaji anahitaji mafuta?

Anahitaji sana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Mkimbiaji mwembamba wa kilo 60 mwenye asilimia 10 ya mafuta ana kilo 6 mwilini, akiba inayozidi mahitaji ya marathoni moja mara nyingi. Tatizo ni kwamba mafuta huungua polepole. Ukikimbia kwa kasi, misuli hutegemea zaidi glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa: takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini. Akiba hiyo huisha, ndiyo maana wengi huona miguu imekuwa mizito ghafla baada ya kilomita ya 30 ya marathoni.

Wakimbiaji wa Kikalenjini wa Kenya, katika utafiti wa chakula chao uliochapishwa mwaka 2004, walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutoka kwenye wanga, ugali ukiwemo, na mafuta yakachangia asilimia 13 hivi. Hao ni wakimbiaji wa kambini. Usiwaige kwa kujinyima. Kwa wanamichezo wengi kiwango kinachoshauriwa ni asilimia 20 hadi 35, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Binti anayefanya mazoezi makali huku akijinyima chakula, hedhi ikikatika, asione ni sifa ya mazoezi. Aende kliniki.

Na baada ya mechi?

Kama kesho unacheza tena, anza mapema na wanga: uji wenye sukari, viazi vitamu, wali. Parachichi au karanga vije baadaye, maana ukishiba mafuta kwanza, wanga hautapata nafasi. Kama mechi nyingine ni wiki ijayo, agiza zege yako, na kachumbari usiisahau.