Muungamadini ni nani?

Wengi wetu tunaposikia "kuungama" tunafikiria dhambi tu. Kwa hiyo mtu akitajiwa "Mtakatifu Luka, muungamadini", huenda akadhani ni padri aliyesifika kwa kusikiliza toba za waumini. Sivyo. Kuungama hapa ni kuikiri imani mbele ya watu wakati ambapo kuikiri kunakuponza. Mfiadini ameuawa; muungamadini ameteswa, amefungwa au amepelekwa uhamishoni, akatoka hai na imani yake hajaikana. Ni jina la tangu enzi za makaisari wa Roma, na Waorthodoksi wa Urusi walilihitaji tena katika karne ya 20, serikali ya Kikomunisti ya Kisovieti ilipolitesa Kanisa.

Huyo Luka kwa jina la kuzaliwa aliitwa Valentin Voino-Yasenetsky, daktari mpasuaji aliyezaliwa Kerch mwaka 1877. Alipokea upadri mjini Tashkent mwaka 1921, wakati kuvaa kanzu ya padri kulikuwa ni kujitafutia jela. Mwaka 1923 akawekwa wakfu kuwa askofu. Siku chache baadaye akakamatwa. Jumla ya miaka yake ya kifungo na uhamisho ni kama 11. Mwaka 1937 alihojiwa siku 13, usiku na mchana, maofisa wakipokezana zamu ili asipate usingizi, wakimtaka akubali kwamba alikula njama dhidi ya serikali. Uaskofu wake hakuukana.

Mimi hunigusa zaidi habari ya mkono wake. Kabla ya kushika kisu, alichovya pamba kwenye iodini akachora msalaba kwenye ngozi ya mgonjwa, palepale atakapopasua. Wanafunzi wa udaktari aliwafundisha akiwa na kanzu, msalaba ukining'inia kifuani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, alitibu majeruhi huko Krasnoyarsk, Siberia, yeye mwenyewe akiwa bado mhamishwa. Mwaka 1946 serikali ileile ikampa Tuzo ya Stalin kwa kazi yake kuhusu upasuaji wa majipu na vidonda vya usaha. Kati ya rubo 200,000 alizopewa, 130,000 aliwapa mayatima wa vita.

Alifariki Simferopol tarehe 11 Juni 1961, akiwa askofu mkuu. Hakupigwa risasi, ndiyo maana Kanisa la Urusi lilipomtangaza mtakatifu mwaka 2000 lilimwita muungamadini. Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu, na Liturujia (ibada ya Misa) aliendelea kuiadhimisha kwa maneno aliyoyahifadhi kichwani.