Kotesheni za Sola ya Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, watu wengi wa mijini Tanzania wameanza kuulizia sola, hata wale ambao nguzo ya TANESCO imesimama mbele ya geti lao. Mafundi wamekuwa wengi na kotesheni zinatumwa kwa WhatsApp: "Sola 5 kVA kamili, ufundi bure", kisha bei. Inaniuma kuona familia ikitoa akiba ya miaka kwa karatasi ambayo haisemi nyumba itapata uniti ngapi. Hizi ndizo dhana ninazozisikia zaidi.

Dhana: "Nataka sola ya kilowati tano, kama ya jirani."

Kilowati tano ni nguvu ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumia nyumbani: inaonyesha vifaa vingapi vinaweza kuwaka kwa pamoja. Vitawaka kwa muda gani, hilo linaamuliwa na betri na paneli, na linapimwa kwa uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Nyumba mbili zinaweza kuwa na inveta zinazofanana, moja ikalala na umeme hadi asubuhi na nyingine ikazimika saa nne usiku.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi, piga hesabu ya usiku wako: zidisha wati za kila kifaa kwa saa kinazowaka, kisha gawa kwa 1,000 upate uniti. Chukua nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam. Taa nane za wati 9 kwa saa tano ni uniti 0.36. Runinga ya wati 80 kwa saa tano, 0.4. Feni mbili za wati 50 kwa saa nane, 0.8. Ruta ya wati 10 usiku kucha, 0.13. Friji inayokula uniti 1.2 kwa siku itachukua kama 0.6 usiku. Jumla haifiki 2.3. Pasi, heta ya kuogea na jiko la umeme hazimo humo, na kwa maoni yangu zisiingizwe kwenye betri kama hela ni ya kubana. Zitumie mchana jua likiwa juu, au uziache kwa TANESCO.

Ukishakuwa na namba hiyo, kotesheni yoyote inayokuja utaisoma kwa swali moja: itanipa uniti ngapi kuanzia magharibi hadi asubuhi?

Dhana: "Betri nne zina nguvu kuliko betri moja."

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uniti za betri hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa, kisha kugawa kwa 1,000. Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 200 ni uniti 2.4. Nne ni 9.6. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ni uniti 5.12. Kwenye karatasi, za jeli zinaonekana karibu mara mbili.

Lakini betri ya jeli, kama zile za maji, ni ya risasi na asidi, na ukiitumia kupita nusu mara kwa mara unaiua. Katika 9.6 unabaki na 4.8 za kutumia. Lithiamu ya aina inayofungwa majumbani, ya chuma na fosfeti, inakubali kutumiwa hadi asilimia 90, yaani uniti 4.6. Betri nne na betri moja zimekuwa karibu sawa.

Sasa tazama umri. Betri hupimwa kwa mizunguko, yaani mara ngapi inajazwa na kumalizwa. Tuseme kotesheni ya jeli inataja mizunguko 1,000 na ya lithiamu 4,000, na tuseme bei ni shilingi milioni 2.8 kwa jeli na milioni 3.2 kwa lithiamu. Jeli zitakupa uniti 4.8 mara 1,000, yaani 4,800 maisha yake yote: kila uniti umeinunua kwa shilingi 583. Lithiamu itakupa 18,400: kila uniti ni shilingi 174. Ile iliyoonekana nafuu ni ghali zaidi ya mara tatu. Weka bei ulizopewa wewe mahali pa hizo zangu. Hesabu ni ileile.

Na ukanda wa pwani una adhabu ya ziada. Betri za risasi zimepangiwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka umri wake hukaribia kukatika nusu. Ukizifungia kwenye stoo isiyo na hewa Tanga au Mombasa, miaka iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee.

Je, jeli hazifai kabisa? Zinafaa kwa nyumba ambayo TANESCO haikatiki sana, betri zikikaa zimejaa na kutumika siku chache kwa mwezi. Kwa matumizi ya kila usiku, sizipendekezi.

Dhana: "Lebo imeandikwa wati 300, basi ni wati 300."

Rula inatosha kuipima lebo. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za nyumbani zinageuza kama asilimia 20 hadi 23 tu kuwa umeme. Hivyo mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 230 hivi. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.3, upana wa mita 1.1 na ushee, na uzito wa kilo 27 au 28. Ukiletewa paneli ya mita moja kwa sentimita 67 yenye lebo ya wati 300, lebo hiyo ni ya uongo, na hakuna fundi anayeweza kuitetea. Betri nayo ipime uzito: ya lithiamu ya uniti tano huwa kati ya kilo 40 na 50. Nyepesi sana ina jambo la kuficha.

Ndiyo maana kotesheni iliyoandika "paneli 4, betri 1, inveta 1" haijakamilika. Irudishe. Dai chapa, modeli kamili na idadi ya kila kitu, pamoja na unene wa nyaya, vyuma vya kushikia paneli, sakiti breka za mkondo wa moja kwa moja (DC, umeme unaotoka kwenye paneli na betri), kinga ya radi na ethi (waya wa ardhini). Vitu hivi vya mwisho ndivyo vinavyokatwa kimyakimya ili bei ishuke. Breka ya kawaida ya nyumbani ikiwekwa upande wa paneli inaweza kushindwa kuzima cheche za mkondo huo. Na kwa walio karibu na bahari, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Dhana: "Dar kuna joto, paneli zitazalisha zaidi."

Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguza nguvu. Wati za kwenye lebo zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la mchana seli hufika 60, na kila nyuzi inayozidi inakula kama asilimia 0.35. Hiyo ni asilimia 12 imeondoka. Ongeza vumbi, nyaya na inveta, kisha hesabu hivi: paneli nne za wati 550 ni kilowati 2.2, zidisha kwa saa tano za jua kamili, toa robo, unapata uniti nane na kidogo kwa siku nzuri. Masika zitashuka. Muuzaji anayekuahidi kumi na tano kutoka paneli hizo nne akuonyeshe hesabu yake.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwelekeo wa paa hautusumbui sana kama unavyowasumbua wa Ulaya. Kivuli cha mwembe wa jirani ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kufunika kona moja ya paneli kunaweza kuzivuta chini zote zilizounganishwa kwa mfululizo. Fundi anayekupa bei bila kupanda kuona paa lako, mwache.

Dhana: "Nikishafunga sola, TANESCO ikikatika sitajua."

Inategemea inveta. Ile inayofanya kazi kwa kufuata gridi tu, yaani mtandao wa umeme wa shirika, bila betri, hujizima gridi inapozimika, hata jua likiwa la utosi. Imetengenezwa hivyo ili isirudishe umeme kwenye nyaya zinazoshikwa na mafundi wa shirika. Uliza pia inveta ya 5 kVA, kipimo cha ukubwa kinachoandikwa juu yake, ni kilowati ngapi za kutumia: nyingine ni tano, nyingine ni nne.

Dhana: "Itajilipa yenyewe kwa muda mfupi."

Toa risiti zako za LUKU. Ukiwa mteja wa D1, kundi la bei la TANESCO kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya msingi ni shilingi 100 kwa uniti. Hakuna betri itakayoshindana na bei hiyo. Kwako sola ni ulinzi dhidi ya kukatika, inunue kwa sababu hiyo na iwe ndogo. Kwa T1, kundi la wateja wa kawaida wanaotumia zaidi ya hapo, ambako bei ya msingi ni 292 na kodi na tozo zinaipandisha kupita 350, hesabu inaanza kuleta maana, hasa kama matumizi makubwa ni ya mchana. Kenya ina kanuni za 2024 za kupeleka ziada kwenye gridi, lakini kwa uniti unayopeleka unahesabiwa nusu tu, kwa kupunguziwa bili. Usinunue paneli za ziada kwa ndoto ya kuuza umeme.

Dhana: "Ina waranti ya miaka 25."

Miaka 25 ni ya paneli, na huwa ni ahadi kwamba itakuwa bado inatoa asilimia 80 na kidogo ya nguvu yake. Inveta mara nyingi hupewa miaka mitano, na betri miaka yake. Kazi ya fundi ina waranti yake, kama imeandikwa. Angalia leseni yake kutoka mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya, ambako mifumo yenye kuunganishwa na gridi inahitaji fundi mwenye leseni ya daraja la T3. Kisha muulize muuzaji, na jibu liingie kwenye kotesheni: betri ikifa mwaka wa tatu, inapelekwa wapi, nani analipa usafiri wa kilo 50 hizo, na wakati inatengenezwa nyumba inatumia nini?