Upitishaji umeme na rilaksesheni: ioni ni zile zile

Chukua kipande cha kioo chenye sodiamu, kipake metali pande zote mbili, kisha kipime kwa volteji geu ya masafa mbalimbali. Utapata vipimo viwili: jinsi kioo kinavyopitisha umeme, na jinsi kinavyohifadhi chaji. Wengi huvieleza kwa visa viwili. Upitishaji, wanasema, ni ioni, yaani atomu zenye chaji, zinazosafiri. Rilaksesheni ya dielektriki ni chaji zinazojipanga upya kwa kuchelewa. Mimi nashikilia kwamba kisa ni kimoja.

Atomu za silikoni na oksijeni katika kioo zimeshikana kama wavu usio na mpangilio wa fuwele. Ioni ya sodiamu hutikisika mahali pake, na mara chache hupata nishati ya kuruka kizingiti hadi nafasi ya jirani. Vizingiti havilingani, na muda wa kusubiri hukua kieksponenti kadiri kizingiti kinavyopanda. Tofauti ndogo ya nishati huweza kuzidisha muda huo mara maelfu.

Masafa yakiwa ya juu, uga wa umeme hugeuka kabla ioni haijafika mbali. Inaruka kizingiti kifupi, inarudi, inaruka tena. Chaji imesogea lakini haijasafiri, na huo ndio upolarishaji. Masafa yakishuka, ioni hupata muda wa kuvuka vizingiti virefu zaidi, hadi kile kigumu kuliko vyote kwenye njia nyepesi kuliko zote inayokatiza kioo kizima. Kikishavukwa, hakuna tena cha kuizuia, na upitishaji huacha kutegemea masafa. Kwa hiyo kizingiti hicho ndicho kinachopanga upitishaji wa mkondo mnyoofu, na ndicho kinachopanga masafa ya rilaksesheni. Mwanafizikia Jeppe Dyre aliuonyesha mfumo huu kihesabu mwaka 1988, akitumia vizingiti vya kubahatisha tu.

Uhusiano wenyewe ulikuwa umeshaonekana maabara. Unaitwa kwa majina ya Barton, Nakajima na Namikawa, walioueleza kati ya 1966 na 1975:

σ = p · ε₀ · Δε · ω

Hapa σ ni upitishaji wa mkondo mnyoofu, Δε ni ukubwa wa rilaksesheni, ε₀ ni kipimo kisichobadilika cha ombwe, ω ni masafa ya kimzunguko (mara 2π ya masafa ya hertz) ya kilele cha upotevu, yaani pale nishati inayopotea kama joto katika rilaksesheni inapokuwa kubwa kabisa, na p ni namba iliyo karibu na 1. Tuseme σ ni 10⁻¹⁰ S/m na Δε ni 10. Kwa kuwa ε₀ ni 8.85 × 10⁻¹² F/m, ω inatoka takriban 1.1 kwa sekunde, yaani 0.18 Hz ukigawanya kwa 2π. Kipashe kioo moto: σ itapanda mara nyingi sana, na ω itapanda nayo bega kwa bega.

Sasa tazama jambo ambalo, kwangu, ndilo zuri kuliko yote. Kwenye grafu ya upotevu, mchango wa mkondo mnyoofu ni σ/(ε₀ω), ambapo ω sasa ni masafa yoyote. Pale penye kilele, mchango huo ni pΔε. Lakini kilele chenyewe, hata kikiwa chembamba kabisa cha aina ya Debye (rilaksesheni yenye muda mmoja tu), hakizidi nusu ya Δε, na katika kioo huwa kipana na kifupi zaidi. Ndiyo maana kilele hakionekani mpaka uondoe mchango wa upitishaji. Wapo wanaouita uchafu wa kipimo. Si uchafu hata kidogo: mwendo uliozaa kilele ndio huo huo uliokifunika.

Usiutumie uhusiano huu kila mahali, hata hivyo. Katika polima zenye molekuli za kipola, dipoli (jozi za chaji chanya na hasi ndani ya molekuli) huweza kuzunguka bila kufuatana na safari ya ioni, na hapo p haina maana ile. Tena, kwenye masafa ya chini sana ioni hurundikana kwenye elektrodi (ile metali iliyopakwa) na kuonekana kama rilaksesheni kubwa mno. Kuitambua ni rahisi: pima vipande viwili vya kioo hicho hicho vyenye unene tofauti. Rilaksesheni ya kioo chenyewe haitabadilika. Ile ya elektrodi itahama.